Mpangilio wa Molekuli na Tabia ya Mpira: Somo la Viatu, Tyubu na Uzi

1. Utangulizi

Katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi, mada ya tabia za vitu ni miongoni mwa zile zinazopitiwa upesi kupita kiasi. Mwanafunzi huambiwa kwamba chuma ni kigumu, kwamba mpira huvutika na kwamba plastiki huyeyuka. Huyaandika hayo, huyakariri, na mtihani ukiisha huyasahau. Sababu haitajwi, kwa kuwa mara nyingi mwalimu mwenyewe hakuelezwa sababu alipokuwa mwanafunzi. Hivyo upungufu mmoja hurithiwa na darasa moja baada ya jingine.

Katika makala haya tunakusudia kuziba pengo moja tu kati ya mengi. Tutaeleza jinsi mpangilio wa sehemu ndani ya molekuli unavyoamua kama kitu kitavutika, kitarudi, kitakatika au kitayeyuka. Mfano wetu utakuwa mpira wa aina ambayo tutaiita kopolima ya mafungu; maana ya jina hilo itaelezwa mahali pake. Kisha tutaonyesha namna mwalimu anavyoweza kulifundisha wazo hilo kwa vipande vya tyubu, uzi na sufuria ya maji.

Wazo lenyewe ni hili: tabia ya kitu haitokani na viungo vyake peke yake, bali pia na jinsi viungo hivyo vilivyopangwa.

2. Swali litokalo sokoni

Mwalimu anayefundisha Tunduma, Vwawa au kwingineko katika Mkoa wa Songwe hana haja ya kutafuta mfano mbali. Tunduma ni lango la kwenda Zambia, na malori yatokayo Dar es Salaam hupita hapo. Penye malori pana tairi kuukuu, na penye tairi kuukuu pana katambuga. Sokoni, katambuga hupangwa jirani na viatu vyenye soli nyepesi za kiwandani. Mtoto anavijua vyote viwili kwa miguu yake mwenyewe.

Katambuga iliyokatika, fundi huishona au huipiga misumari. Soli nyingi za kiwandani, badala yake, huweza kuungwa kwa chuma kilichotiwa moto: kingo mbili hulainika, hushikana, na zikipoa huwa kitu kimoja. Chuma hicho hicho kikiwekwa juu ya katambuga, hakuna kiungo kitakachopatikana. Tairi hutoa moshi na kuungua. Mwanafunzi aliyeona hayo ana haki ya kuuliza: "Mwalimu, vyote viwili ni mpira. Mbona kimoja kinayeyuka na kingine hakiyeyuki?"

Mwalimu akijibu kwamba ndivyo vilivyo, amelifunga swali ambalo lingeweza kumfikisha mtoto mbali. Hatuna budi basi kuwa na jibu.

3. Molekuli zilizo kama minyororo

Molekuli ya maji ni ndogo. Ina atomu tatu tu. Molekuli za mpira na plastiki ni za namna nyingine. Kila moja ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyoshikana, mara nyingi maelfu kwa maelfu. Molekuli ya namna hiyo huitwa polima. Mjerumani Hermann Staudinger alilitoa wazo hili mwaka 1920, na wanakemia wengi wa wakati wake walilikataa. Mwaka 1953 alitunukiwa Nishani ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tuwafikirie wanafunzi thelathini walioshikana mikono katika mstari mmoja, kila mmoja akirukaruka na kugeuka apendavyo. Mstari huo hautanyooka. Utajikunja na kujibana. Tukiwashika wa mwanzo na wa mwisho na kuwavuta, mstari utanyooka. Tukiwaachia, nao wakaendelea kurukaruka, utajikunja tena. Ndivyo ulivyo mnyororo laini wa mpira. Joto la kawaida huvitikisa vipande vyake bila kukoma, na kutikisika huko ndiko kunakouirudisha mpira katika hali yake baada ya kuvutwa.

Lakini mnyororo mmoja hautoshi. Katika mpira mbichi, kama ule unaotokana na utomvu wa miti ya mashamba ya Kihuhwi huko Muheza au Kalunga huko Kilombero, minyororo imelala pamoja bila kufungwa. Ukiuvuta kwa muda mrefu, minyororo huteleza na kupitana, na mpira haurudi ulivyokuwa. Wakati wa joto hunata. Wakati wa baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huacha tabia hizo mbaya. Leo tunajua sababu: salfa hufunga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo, ikazuia kuteleza.

Madaraja hayo ni ya kudumu. Tairi lililokwisha kupikwa ni kama wavu mmoja mkubwa usiofunguka. Joto haliwezi kuiachia minyororo itiririke. Likizidi, huivunja na kuichoma. Hapo tumepata nusu ya jibu la swali letu: tairi haliyeyuki kwa sababu minyororo yake imefungwa na salfa.

4. Mabehewa yale yale, mpangilio mwingine

Nusu ya pili inahusu zile soli. Hapa tutumie mfano wa treni, kwa kuwa reli ya TAZARA inapita Tunduma na watoto wanayajua mabehewa.

Chukua mabehewa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya stirini. Mnyororo wa stirini peke yake huitwa polistirini, nayo katika hali ya kawaida ni ngumu na hukatika kwa urahisi, kama vile vikombe vyepesi vya plastiki vinavyopasuka vikibanwa. Ya pili ni ya butadieni, ambayo mnyororo wake ni laini na huvutika. Mnyororo wenye vipande vya aina mbili au zaidi huitwa kopolima.

Mabehewa haya yaweza kupangwa kwa njia nyingi. Yakichanganywa ovyo, moja la stirini hapa, matatu ya butadieni pale, tunapata mpira unaotumika sana katika tairi za magari madogo. Mpira huo huwa na stirini kiasi cha asilimia 23 hadi 25. Hauna nguvu ya kutosha hadi upikwe kwa salfa.

Yakipangwa kwa mafungu, stirini zote za mwanzo pamoja, kisha butadieni nyingi mfululizo, kisha stirini tena, tunapata kopolima ya mafungu matatu. Kwa ufupi huitwa SBS: fungu gumu, fungu laini, fungu gumu. Aina inayotumika sana kwa soli ina stirini kiasi cha asilimia 30. Tazama jinsi viungo vinavyokaribiana na vile vya mpira wa tairi. Hata hivyo SBS ina nguvu ya mpira uliopikwa ingawa haikuonja salfa.

Kuupanga mnyororo kwa mafungu si kazi rahisi. Mwaka 1956 Michael Szwarc, akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba inawezekana kukuza minyororo ambayo ncha zake hubaki hai hata chakula chake kikiisha. Ukiilisha stirini, hukua kwa stirini. Ikiisha, ukatia butadieni, huendelea kwa butadieni. Mwaka 1965 kampuni ya Shell ilianza kuuza mpira wa SBS kwa jina la Kraton.

5. Visiwa vigumu katika bahari laini

Kwa nini mpangilio ulete tofauti kubwa hivyo? Sababu ni kwamba stirini na butadieni katika minyororo mirefu hazipatani, kama mafuta na maji. Mafuta na maji yakiachwa hujitenga kabisa, moja juu na jingine chini. Lakini mafungu ya SBS yamefungwa katika mnyororo mmoja, hayawezi kwenda mbali. Yanalazimika kujitenga palepale yalipo.

Mafungu magumu ya minyororo mingi jirani hukusanyika na kufanya visiwa vidogo mno. Upana wa kisiwa ni kama nanomita 10 hadi 30, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Visiwa zaidi ya elfu moja vikipangwa mstari vingeenea katika upana wa unywele mmoja. Mafungu laini hubaki kati ya visiwa kama bahari.

Sasa ufuate mnyororo mmoja. Ncha yake ya kwanza imezama katika kisiwa kimoja. Sehemu ya katikati inavuka bahari. Ncha ya pili imezama katika kisiwa kingine. Visiwa vinafanya kazi ile ile ya madaraja ya salfa. Ukivuta, sehemu laini hunyooka, ukiachia, hujikunja, na visiwa huzuia kuteleza. Mpira wa namna hii huweza kuvutika hata kufikia mara 8 ya urefu wake bila kukatika.

Tofauti kubwa iko katika joto. Kisiwa hakikufungwa na salfa. Kimeshikamana kwa sababu polistirini ni ngumu. Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, polistirini hulainika, visiwa huachia, na kwa joto kubwa zaidi minyororo hutiririka. Kikipoa, visiwa hujijenga upya. Ndiyo maana soli ya aina hii huweza kuungwa kwa chuma cha moto, na mabaki yake kiwandani hurudishwa katika mashine yakawa soli nyingine.

6. Kwa nini ncha zote mbili?

Jambo hili ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Tuchukue kopolima ya mafungu mawili tu, yaani gumu na laini, tukiweka kiasi kile kile cha stirini. Visiwa vitatokea vilevile. Lakini kila mnyororo umeshikwa ncha moja tu. Ncha ya pili inaelea baharini. Hakuna mnyororo unaounganisha kisiwa na kisiwa. Ukiuvuta mpira huu, visiwa huachana, na minyororo hupitana kama katika mpira mbichi. Ni dhaifu.

Viungo ni vile vile na kiasi ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba ncha moja haikufungwa. Hapa mwanafunzi aweza kuona waziwazi kwamba umbo la molekuli, ambalo hakuna jicho linaloliona, hutawala kazi ambayo mkono unaihisi.

Hata katika mafungu matatu, mnyororo huweza kugeuka na kurudi katika kisiwa ulichotoka, ukafanya kitanzi. Kitanzi peke yake hakiungi kisiwa na kisiwa. Nguvu ya wavu hutegemea sana ile minyororo inayovuka.

7. Kiasi cha fungu gumu

Urefu wa mafungu nao una neno lake. Mafungu yakiwa mafupi mno, hayajitengi. Huchanganyika, na nguvu haipatikani. Yakiwa marefu ya kutosha, umbo la sehemu ngumu hutegemea wingi wake:

(a) Stirini ikiwa kidogo, visiwa huwa vidonge vya mviringo, kama maharage yaliyotawanyika ndani ya uji mzito. Mpira ni laini.

(b) Ikiongezeka hadi karibu asilimia 30, vidonge huungana na kuwa fimbo ndefu, kama kuni zilizolazwa pamoja. Mpira hukakamaa kidogo, lakini bado huvutika vizuri.

(c) Ikikaribia nusu, sehemu ngumu na laini hupangana kwa tabaka, kama kurasa za daftari. Kitu hicho kikivutwa mara ya kwanza hukaidi kama plastiki, kwa kuwa tabaka ngumu hazijavunjika. Zikivunjika, kuvuta kwa mara ya pili huwa rahisi kama mpira. Kikipashwa joto, tabaka hujijenga tena na ukaidi hurudi.

(d) Ikizidi mno, mambo hugeuka: sehemu laini ndiyo inayokuwa visiwa ndani ya bahari ngumu. Hapo tunapata plastiki ngumu isiyopasuka kwa urahisi, kwa sababu visiwa laini huzuia ufa usienee.

Mwelekeo nao ni muhimu. Mwaka 1970 Andrew Keller na wenzake wa Bristol, Uingereza, walieleza SBS ambayo fimbo zake zote zilielekea upande mmoja baada ya kusukumwa kupitia tundu. Kitu cha namna hiyo ni kigumu kikivutwa kufuata fimbo, na laini kikivutwa kukata fimbo. Mtu aliyewahi kupasua kuni hatashangaa: shoka hufuata nyuzi za mti.

8. Faida na mipaka katika maisha

Mwalimu asiache somo lielee hewani. Soli za SBS zina udhaifu: mafuta ya dizeli na petroli hupenya ndani yake. Anayezikanyagisha katika dizeli kila siku, kama wafanyavyo watu wa maegesho ya malori, huziona zikivimba na kulegea. Tairi pia huvimba, ila madaraja yake ya salfa huzuia lisiyeyuke ndani ya mafuta.

Tena iko lami. Lori zito likisimama muda mrefu juu ya lami iliyopata jua, magurudumu huidididimiza na kuacha mfereji. Katika nchi nyingi wahandisi huchanganya SBS katika lami, kwa kawaida kiasi cha asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa lami. SBS hufyonza sehemu ya mafuta ya lami, ikajitandaza na kufanya wavu ndani yake. Lami hupata uwezo wa kurudi baada ya kukandamizwa.

9. Namna ya kufundisha

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, katika vipindi viwili vya dakika 40. Majina kama stirini na butadieni hayahitajiki darasani. Yatosha kusema "sehemu ngumu" na "sehemu laini".

Shabaha: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza, kwa maneno yake, kwa nini vitu viwili vyenye viungo vinavyofanana huweza kuwa na tabia tofauti.

Vifaa: tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa kanda nyembamba 24 za urefu wa shubiri moja, uzi, kipande cha soli ya kiwandani, sufuria, maji na jiko.

Hatua ya kwanza: wavu. Kundi la kwanza lipige fundo katika ncha zote mbili za kila ukanda kati ya kanda 12. Mafundo 24 yafungwe kwa uzi manne manne, vipatikane visiwa sita. Ncha mbili za ukanda mmoja zisiwe katika kisiwa kimoja. Kundi la pili lipige fundo katika ncha moja tu ya kila ukanda kati ya kanda 12 zilizobaki, na kuyafunga manne manne, vipatikane visiwa vitatu vyenye mikia.

Hatua ya pili: kuvuta. Kundi la kwanza livute wavu wake pande mbili na kuuachia. Kundi la pili lilaze visiwa vyake pamoja, mikia ikiwa imechanganyika, kisha livute. Wavu wa kwanza utarudi. Wa pili utaachana. Mwalimu asieleze kwanza. Aulize: "Kanda ni sawa kwa idadi, na tyubu ni ile ile. Tofauti iko wapi?" Awape muda wa kujadiliana.

Hatua ya tatu: joto. Kipande cha soli na kipande cha tyubu vikunjwe na kufungwa kwa uzi, kisha vichemshwe kwa dakika kumi. Katika nyanda zetu za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo linatosha kuvilegeza visiwa. Vitolewe, vipoe vikiwa vimefungwa, ndipo vifunguliwe. Tyubu, iliyofungwa kwa salfa, itakunjuka. Soli inayolainika kwa joto itabaki na mkunjo wote au sehemu yake.

Hatua ya nne: muhtasari. Wanafunzi wachore nyavu mbili na kuandika sentensi moja chini ya kila mchoro.

10. Tahadhari

Kwanza, mwalimu asichome plastiki wala tairi darasani, wala asiwaruhusu wanafunzi kufanya hivyo nyumbani kwa jina la jaribio. Moshi wake una sumu. Maji yanayochemka yashughulikiwe na mwalimu mwenyewe.

Pili, jaribio la sufuria halithibitishi kwamba soli ni ya SBS. Zipo plastiki nyingine zinazolainika kwa joto ambazo hazina mafungu. Linachoonyesha ni tofauti kati ya kilichofungwa kwa kudumu na kisichofungwa hivyo. Mwalimu aseme hivyo, wala asidai zaidi ya alichokiona.

Tatu, wanafunzi waelezwe kwamba mfano si kitu chenyewe. Katika mfano wetu tunafunga kwa uzi. Katika molekuli hakuna uzi, bali mafungu magumu hukusanyika yenyewe.

11. Hitimisho

Tumeona kwamba tairi na soli huachana tabia kwa sababu ya jinsi minyororo yao inavyoshikwa: mmoja kwa madaraja ya kudumu, mwingine kwa visiwa vinavyolegea kwa joto. Tumeona pia kwamba ncha moja isiyofungwa yatosha kuufanya mpira wenye nguvu kuwa dhaifu. Mwanachuo atakayekwenda kufundisha ajizoeze kuuliza, kwa kila kitu anachokiweka mezani: kimeundwa na nini, na kimepangwaje? Kabla ya kuliingiza somo hili katika andalio lake, afunge nyavu zote mbili kwa mikono yake na kuzivuta, ili ajue mapema ni maswali gani yatakayomjia.